Siku ya Kuua Injini

Royce Niekamp alikuwa na tabia moja iliyomchefua Darla kuliko zote: akitaka kukupa habari mbaya, kwanza anajifuta mikono. Anajifuta polepole, kidole kimoja kimoja, kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji, na wewe umesimama hapo moyo unakudunda. Siku ile ya Aprili alijifuta karibu dakika nzima, kisha akaigeukia injini iliyokuwa kwenye stendi katikati ya karakana yake, hedi zote mbili, vile vifuniko vizito vya silinda, zimefunguliwa, silinda nane ziko wazi.

"Shemeji, pole," akasema. "Huyu ni marehemu."

"Acha mzaha, Royce. Ina nini?"

"Bloku imepasuka. Njoo uone mwenyewe, usije ukasema nimekuonea."

Akabandika sumaku yake kubwa juu ya bloku, kati ya silinda ya tano na ya saba, akanyunyiza unga mwekundu wa chuma, halafu akapuliza. Unga wote ukapeperuka isipokuwa mstari mmoja mwembamba, mrefu kama njiti ya kiberiti. Ndivyo mafundi wanavyotafuta ufa: sumaku hushika unga pale chuma kilipoachana. Darla aliuona mstari kwa macho yake mawili, na akauamini.

"Maji yanapita hapo, yanaingia kwenye oili," Royce akasema. "Ndiyo maana oili yako ilikuwa kama chai ya maziwa. Ukiirudisha kwenye gari, hufiki hata kanisani."

Gari lenyewe lilikuwa Chevelle ya mwaka 1967, ya kijani, moja ya yale magari wanayoyaita ya misuli: mwili wa gari la familia, tumboni injini ya kung'oa kisiki. Darla alilinunua akiwa na miaka kumi na tisa, kwa pesa ya majira matatu ya joto aliyoshinda kwenye mabanda ya batamzinga wakati wenzake wanaogelea. Sasa ana hamsini na mbili, na kati ya vyote alivyowahi kumiliki, hilo ndilo pekee ambalo hakuna Niekamp aliyechangia hata senti. Namba iliyogongwa kwenye bloku ilikuwa ya gari lile lile. Injini ilizaliwa nalo, na Darla alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia nyumba.

Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole tu, auguse ule mstari. Hakuugusa. Katika ukoo wa Niekamp, ndugu akikuambia jambo la kazi yake, kumwambia "ngoja nihakikishe" ni sawa na kumwita mwizi mbele ya chakula cha Jumapili. Darla alikuwa ameolewa mle miaka ishirini na sita, na adabu yao ilishamwingia hadi kwenye mifupa. Tena, tusimnyime mtu haki yake, kwa kazi ya kuchonga injini Royce hakuwa na mpinzani katika wilaya nzima. Roho yake tu ndiyo ilikuwa mbovu.

"Sasa nifanyeje?" Darla akauliza.

"Njia ziko tatu, na wewe hela unayo ya moja." Royce akakaa juu ya pipa. "Ya kwanza, uagize injini mpya kabisa, inakuja ndani ya sanduku la mbao kama zawadi ya Krismasi. Dola elfu saba, na hapo hujanunua boliti hata moja. Ya pili, tutafute bloku nyingine ya aina hii na ya umri huu, niichonge upya. Elfu tano, ukibahatika. Ya tatu..." Akacheka puani. "Ya tatu, uende kwa Bernadine ukaokote injini ya pikapu."

"Hiyo ya pikapu ni kiasi gani?" Darla akauliza.

"Mia nne, mia tano. Ila itanguruma kama lori la maziwa. Si kitu, wewe umeshazoea."

Darla aliendesha lori la maziwa, kutoka shamba hadi shamba, miaka kumi na nane sasa. Akaumeza ule mchomo kama alivyoimeza mingine.

"Na hii niachie hapa hapa," Royce akaongeza, safari hii kwa sauti ya upole ambayo haikumkaa. "Nitakupa mia mbili, nikuondolee takataka. Sisi ni ndugu."

"Asante," Darla akasema.

Nyumbani, mumewe Denny alikuwa amekaa mezani na sahani ya viazi. Denny ni mdogo wake Royce, mtu mpole, fundi wa mizani kwenye ghala la nafaka, asiyekunywa pombe wala kupandisha sauti. Darla alimsimulia yote. Denny aliendelea kukatakata kiazi kilichokwisha kukatika.

"Chukua ya pikapu," akasema. "Ni ya bei ndogo, na spea zake zimejaa kila mahali. Hiyo ya zamani mwachie Royce, yaishe."

"Yaishe nini? Kuna ugomvi?"

"Nimesema tu yaishe."

Darla akadhani ni ule woga wake wa kila siku kwa kaka yake, akamwacha ale.

Jumamosi akaenda kwenye uwanja wa chuma chakavu wa Bernadine Homan. Bernadine alikuwa mjane wa miaka sitini na tano, mdomo mchafu, mfuko wa aproni umejaa mbegu za alizeti, na hakuna gari lililokufa ndani ya maili thelathini ambalo hakujua lilikufa vipi.

"Sitaki lililokufa kwa ugonjwa," Darla akamwambia. "Nataka lililokufa kwa ajali."

"Nani kakufundisha, mdogo wangu? Wanaume wazima wanakuja hapa wanachagua injini kwa rangi." Bernadine akatema ganda la mbegu. "Gari likiletwa hapa halina hata mkwaruzo, ujue injini ndiyo iliyoliua. Lililogongwa nyuma, injini yake ilikuwa kazini mpaka sekunde ya mwisho. Njoo."

Akampeleka kwenye pikapu ya mwaka 2004 iliyokuwa imekunjika nyuma kama karatasi, imegongwa na lori la mahindi ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani. Darla akavuta kijiti cha oili, akainusa. Akafungua kifuniko cha juu, akachungulia na tochi: chuma safi, hakuna masizi. Akachukua spana kubwa akaizungusha injini kwa mkono, na ikazunguka laini, silinda zote nane zikipumua moja baada ya nyingine.

"Bloku yake ni ya chuma," Bernadine akasema. "Kuna dada zake za alumini, nyepesi, wajinga wanazilipia mara mbili. Wewe unataka gari au unataka ndege? Chukua hii. Chukua na kompyuta yake, na nyaya zote, usikate hata moja. Waliokata wanalia mpaka leo. Na sampu yake, hilo bakuli la oili la chini, itupe, inaning'inia mno, itagonga fremu ya Chevelle. Utanunua nyingine fupi. Na pampu ya petroli ndani ya tangi, maana hizi hazina kabureta."

"Jumla?"

"Ukifanya kazi mwenyewe, haizidi elfu moja na mia sita, na unaondoka na gari. Mimi nipe mia nne na hamsini." Akakung'uta mikono. "Na ile kubwa yako umeipeleka wapi?"

"Royce anaichukua kwa mia mbili. Imepasuka."

Bernadine akaacha kutafuna. "Royce? Mia mbili? Kwa bloku iliyopasuka?"

"Kasema ananiondolea takataka."

"Darla, mimi nikiiweka kwenye mzani pale nakupa arobaini, na nitakuwa nimekuonea huruma. Yule mtu mwaka jana alinifuata mpaka getini kwa sababu ya boliti moja niliyomzidishia bei. Mtu wa namna ile hatoi mia mbili kwa takataka. Nenda kachukue injini yako."

Jumatatu asubuhi Darla akaingiza trela kwenye uwanja wa karakana. Royce akatoka na kikombe cha kahawa mkononi, uso umebadilika.

"Nimeshampigia mtu simu kuhusu hiyo."

"Mpigie tena."

"Shemeji, unabeba kaburi. Hata nafasi kwenye banda lako huna."

"Nafasi ninayo. Nishikie mnyororo au nipishe."

Hakushika mnyororo. Alisimama akimtazama anavyohangaika na winchi mpaka mwisho, na alipoondoka hakumpungia mkono.

Kwenye kibanda cha Bernadine, mstari mwekundu bado ulikuwapo kati ya silinda ya tano na ya saba. Safari hii Darla akanyoosha kidole. Mstari ukafutika. Kidoleni pakabaki unga na utelezi. Wakaiosha bloku kwa petroli, wakaikausha kwa upepo wa kompresa, wakabandika sumaku ya Bernadine, wakanyunyiza unga wao wenyewe, wakapuliza. Hapakubaki kitu. Wakasogeza sumaku, wakarudia, upande huu na upande ule, silinda hadi silinda. Chuma kilikuwa kizima kama sahani.

"Grisi," Bernadine akasema. "Mshenzi yule kachora kwa kidole chenye grisi. Unga umeshika grisi, haukushika ufa." Akaiokota gasketi ya hedi ya zamani iliyokuja na injini, akaishikilia juu kwenye mwanga. Ilikuwa imeungua pembeni, pana njia ya maji ya upana wa kucha. "Huu hapa ugonjwa wako wote. Dola arobaini dukani. Na bloku nzima yenye namba kama hiyo, kuna watu Indiana wanalipa elfu tatu bila kuuliza mara mbili."

Darla alikaa chini kwenye tairi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamziba. Hakuwazia zile elfu tatu. Aliwazia jinsi alivyosimama pale kama mwanafunzi, anapewa pole, naye akasema asante. Kweli alisema asante.

"Sikiliza," Bernadine akasema. "Ya bei rahisi kuliko zote imeshapatikana, ni gasketi. Pikapu yangu niachie, nakurudishia hela zako. Funga injini yako, itie ndani ya gari, halafu pita mbele ya karakana yake ukipiga honi. Umemaliza."

"Nataka aseme."

"Nani?"

"Royce. Aseme kwa mdomo wake kwamba alinidanganya. Mbele ya watu."

"Watu gani?"

Darla alikijua anachokitaka alipokuwa anakitamka. "Watu wote. Mwezi wa Agosti. Siku ya kuua injini."

Kila Agosti, kwenye maonyesho ya wilaya, wazimamoto wa kujitolea hufunga injini moja nzee juu ya fremu ya chuma, wakamwaga oili yote na maji yote mbele ya watu, wakaiwasha kwa nguvu. Watu hununua tiketi wakibahatisha dakika na sekunde itakayokufa. Mwenye injini husimama kando yake na swichi mkononi. Anaweza kuizima akitaka, lakini akizima, tiketi zote zinarudishwa na bia ya wazimamoto wote ni juu yake. Tangu mchezo uanze hakuna aliyezima. Na kwa miaka kumi na miwili mfululizo, anayepanda juu ya trela na kipaza sauti kuwatangazia watu mauti ya injini alikuwa Royce Niekamp, bingwa wa injini.

"Atalazimika kuitangaza," Darla akasema. "Bloku nzima ya elfu tatu inakufa mbele yake na kipaza sauti kiko mdomoni. Atasema tu. Na akisema, nazima."

"Na asiposema?"

"Atasema."

"Darla. Na asiposema?"

Darla akauliza kama gasketi zinapatikana hapo mjini au mpaka ziagizwe.

Hakumwambia Denny kwamba bloku ni nzima; alimwambia tu kwamba Agosti itauawa. Denny hakuwa na uwezo wa kumficha kaka yake kitu. Hivyo ndivyo Darla alivyojieleza, na maelezo hayo yalimtosha. Majira yote ya joto alikuwa bandani. Injini kubwa aliifunga gasketi mpya, akaitia kona chini ya turubai. Ile ya pikapu akaiingiza kwenye Chevelle, na Denny akimshikia taa. Sampu fupi ikaingia, vishikizo vya injini vikakubali baada ya kutukanwa siku mbili, nyaya zikapita chini ya dashibodi bila kukatwa. Jioni moja ya Julai akageuza ufunguo, ikawaka mara moja.

Ilikuwa nzuri, na hilo lilimuudhi. Ilitulia kama friji, haikunusa petroli, haikutikisa vioo. Darla alikaa nyuma ya usukani wa gari lake akajiona kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu.

"Umeona?" Denny akasema dirishani. Macho yake yalikuwa yamechoka siku hizo, na nyama zilimpungua mashavuni. "Inatosha kabisa. Kwa nini usiiuze ile nyingine? Au uiweke tu. Si lazima uipeleke kwenye maonyesho."

"Si imepasuka? Ya kuwekea nini?"

Denny akatazama taa aliyoishika. "Kumbukumbu," akasema, akaenda kuosha mikono.

Royce naye hakukaa kimya. Habari zilipomfikia kwamba injini ya Darla ndiyo itakayouawa mwaka huo, alikuja na mia nne. Wiki iliyofuata, nje ya kanisa, akamvuta kando na mia tisa. Siku nne kabla ya maonyesho akasimamisha gari mbele ya lori la maziwa, barabarani, akashuka na elfu moja na mia tano kwenye bahasha.

"Kwa bloku iliyopasuka, Royce?" Darla akamuuliza kutoka juu ya kiti chake.

"Nataka kutengeneza meza. Siku hizi watu wanapenda meza za bloku. Unaweka kioo juu."

"Si uokote nyingine tu kwa Bernadine?"

"Wewe mwanamke una matatizo gani?"

"Mimi? Sina. Una la kuniambia?"

Shingo ya Royce ikawa nyekundu. Alifungua mdomo, na Darla akaegemea mbele, kwa kweli aliegemea, mkono tayari kwenye kitasa cha mlango. Angesema pale, katikati ya mahindi, bila shahidi, labda ingetosha. Royce akairudisha bahasha mfukoni.

"Endesha lori lako," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali, harufu ya soseji za kukaanga na mavi ya ng'ombe wa mashindano. Watu mia nne au zaidi walijaa nyuma ya uzio. Mkuu wa wazimamoto alifungua sampu, oili nzuri ya rangi ya asali ikamwagika ndooni, watu wakapiga makofi. Maji yakafuata. Darla alisimama karibu na fremu, vizibo vya masikio shingoni, swichi mkononi. Royce alikuwa hatua kumi kutoka kwake, juu ya trela, shati limemganda mgongoni.

"Mabibi na mabwana!" sauti yake ikatoka kwenye spika. "Leo shemeji yangu mwenyewe ametuletea mgonjwa. Alikuwa jemadari enzi zake. Mbele yetu leo ni bibi kizee tu."

Darla akawasha. Injini ikanguruma na ardhi ikatetemeka chini ya viatu, ile sauti ambayo pikapu haitakuwa nayo hata ikifundishwa. Saa ikaanza kuhesabu.

Dakika ya pili, hakuna kitu. Dakika ya nne, Royce akatania kwamba wagonjwa wengine wanapenda kuwasumbua warithi. Watu wakacheka. Darla hakumwondolea macho. Dakika ya sita mabomba ya moshi yakaanza kuwa mekundu, na mzee mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi akaweka mikono mdomoni akapaza sauti.

"Royce! Hii si ndiyo uliyotuambia imepasuka? Iliyopasuka inakimbia hivi?"

Kicheko kikapita kwenye uzio, lakini cha watu wanaosubiri jibu. Royce aliinua kipaza sauti. Darla akasema kwa midomo tu, "Sema." Alimwona. Darla anajua kwamba Royce alimwona.

"Imepasuka, mzee," Royce akatangaza. "Inazungushwa na shetani tu." Akamgeuzia Darla mgongo.

Dakika ya nane. Dakika ya tisa ikaja na kugonga, kwanza kwa mbali, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Darla alijua maana yake. Akizima sasa, injini inapona: itachongwa, itawekwa beringi mpya, bloku na namba yake vitabaki. Lakini akizima sasa, Royce atashuka kwenye trela akiwa mshindi, na yeye atakuwa yule yule mwanamke aliyesema asante. Kidole kilikuwa juu ya swichi. Akakiacha hapo. Dakika moja zaidi, akajiambia. Atageuka. Dakika ya kumi ikapita, kubisha kukawa kugonga kwa nyundo, na Royce hakugeuka.

Aliyeruka uzio alikuwa Denny. Alianguka kwa magoti, akainuka, akaja mbio akipunga mikono yote miwili, akapiga kelele ambazo Darla hakuwahi kuzisikia kwake kwa miaka ishirini na sita.

"Zima! Darla, zima! Ni nzima hiyo! Haijapasuka! Alichora na grisi!"

Darla akageuka.

"Alichora na grisi, Darla! Kwa kidole! Zima!"

"Ndugu yangu jua limempiga," Royce akasema kwenye spika. "Mpeni maji. Au amelewa." Hakuna aliyecheka. Denny hanywi, na kila mtu pale alijua.

Basi lilikuwa limesemwa, mbele ya watu wote, kama Darla alivyotaka. Lakini lile neno grisi alikuwa hajamtajia mtu yeyote ila Bernadine, na Bernadine asingelisema hata akikatwa. Akamtazama mumewe pale alipokuwa amesimama, suruali imechanika gotini, anahema. Akazikumbuka jioni zote za bandani, taa ikishikwa juu ya kichwa chake na mtu anayejua. Kidole kilikuwa bado juu ya swichi. Kulikuwa na muda wa kutosha. Baadaye watu walibishana ni sekunde ishirini au thelathini, lakini hakuna aliyesema haukutosha.

Hakuzima. Injini ikapiga mshindo mmoja, mkono wa pistoni ukatoboa ubavu wa bloku, na kipande cha chuma kikaruka kikajichimbia kwenye majani. Pakawa kimya. Ubavuni pakabaki tundu la kupitisha ngumi.

Dakika kumi na moja na sekunde arobaini na tisa. Mkuu wa wazimamoto alizitaja kwa sauti ndogo. Royce alikuwa ameshaweka kipaza sauti chini na kushuka kwa upande wa nyuma wa trela, na watu walimpisha apite bila kumsemesha. Yule mzee wa kofia alimtemea mate karibu na viatu. Darla alikuwa ameungojea mwendo ule miezi mitatu, na sasa hata hakuutazama mpaka mwisho.

"Ulijua tangu lini?" akamuuliza Denny.

"Aprili. Aliniambia mwenyewe, siku ile ile. Kabla hujarudi nyumbani." Denny alikuwa analia bila kujificha. "Alisema nikifungua mdomo hatanijua tena. Ni kaka yangu, Darla."

"Na mimi?"

Denny aliinama akagusa bloku karibu na tundu, akaondoa vidole haraka kwa moto. Kisha akatulia. Akamwangalia Darla polepole, kama mtu anayejumlisha kitu kichwani na hesabu haitaki.

"Hukushtuka," akasema. "Niliposema ni nzima. Hukushtuka."

Darla aliiweka swichi juu ya fremu.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Jumatatu niliyoichukua kwake."

"Miezi mitatu na zaidi." Denny akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi nilidhani hujui. Kila siku nilidhani maskini, hajui. Wewe ulijua, na bado umeiua?"

Wazimamoto walikuwa wanasubiri pembeni na mnyororo, hawajui kama wasogee. Kwenye uzio watu walikuwa wameanza kuondoka, wengine wakilinganisha tiketi zao. Darla alitaka kusema ni kwa sababu ya Royce. Alitaka kusema ni kwa sababu yake yeye Denny, ya zile sekunde thelathini. Alitaka hata kulia, kwa sababu ilikuwa yake tangu ana miaka kumi na tisa na hakuna mwingine aliyeipenda kama yeye. Hakuweza, maana aliyeiua alikuwa yeye, na mumewe amesimama mbele yake anasubiri jibu.